Kizuia puli na toki renchi kwa bolti ya kranki ya 1NZ-FE: uzoefu wangu

Nilinunua vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni kizuia puli cha pini mbili, chenye mkono wa chuma wa sentimita 60 na tundu katikati la kupitishia soketi. Cha pili ni toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, ya nusu inchi na ya kupiga kliki ikifika namba uliyoseti, kipimo chake Nm (nyutoni-mita) 28 hadi 210. Kazi yake ilikuwa bolti ya puli ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kwenye 1NZ-FE, injini ya Toyota iliyomo kwenye Vitz, Probox, IST na Fielder za 1.5. Umuhimu wa toki renchi unajulikana. Kizuia puli ndicho watu wanakiruka, na kwangu ndicho kinachoamua kama namba uliyoseti ina maana yoyote.

Bolti hiyo ni ya soketi namba 19 na inakazwa Nm 128, sawa na futi-pauni 94. Kwa renchi ya sentimita 45, unavuta kwa nguvu ya kama kilo 29. Mtu mzima anaimudu. Kinachosumbua ni kwamba unapovuta, kranki nayo inazunguka. Gari ya gia za mkono unaweka gia ya tano, mwenzako anakanyaga breki, inatulia. Otomatiki haikubali, kwa sababu kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta inayopitisha nguvu kwa oili tu. Hata ukiweka P, puli inaendelea kuzunguka.

Hapo ndipo watu huzungushia puli spana ya mnyororo. Puli nyingi zina mpira kati ya kitovu na pete ya nje inayobeba mkanda, kwa hiyo ukiishika pete unaupinda mpira, na siku mpira ukiachia, pete inateleza na mkanda unakimbia. Ujanja wa kuegesha pawa baa (mpini mrefu wa soketi) chini na kupiga stata kidogo unafungua bolti ya Toyota vizuri, ila hauwezi kukaza. Impakti, yaani bunduki ya upepo ya bolti, inakaza, lakini nguvu yake inabadilika kwa upepo wa kompresa, urefu wa mpira wa upepo na uzito wa soketi. Bunduki hiyohiyo leo inatoa Nm 90 na kesho 200, na sikio haliwezi kutofautisha.

Kizuia puli kinafungwa kwenye matundu mawili ya usoni mwa puli kwa bolti za M8, yaani kinashika kitovu chenyewe. Bolti zilizokuja na kifaa ndiyo lawama yangu kubwa. Zilikuwa laini, na moja ilianza kupinda wakati wa kulegeza. Nilizibadilisha na za daraja 8.8, namba hiyo imechapwa kichwani. Urefu nao ni wa kupimwa: ikipenya mno inatokea nyuma ya puli na kugusa kava la taiming cheni, ambalo ni aluminiamu na linapasuka kirahisi. Zungusha kwa vidole, chungulia nyuma kwa tochi, ukiona ncha inakaribia kava weka washa (pete ya chuma) chini ya kichwa cha bolti.

Gari ninaliinua mbele kulia, linakaa kwenye stendi (jeki peke yake hapana), gurudumu linatoka na plastiki ya matope inatoka. Ukiitazama puli kutoka upande wa gurudumu, kukaza ni kwa mwendo wa saa, kwa hiyo mkono wa kizuizi uelekeze mbele ya gari: ukivuta, utashuka na kuegemea kipande cha mbao sakafuni. Wakati wa kulegeza uelekeze nyuma. Ukikosea upande, mkono unaruka juu na vidole vyako viko njiani.

Kabla ya kukaza nafuta ncha ya kranki na kitovu cha puli hadi kitambaa kitoke safi, napaka oili kidogo kwenye mdomo wa sili (mpira unaozuia oili kuvuja), naoanisha kii (kipande kidogo cha chuma kwenye kranki) na njia yake, kisha nasukuma puli kwa mikono. Nyundo haitakiwi. Bolti inaingia kwa vidole mizunguko kadhaa ya kwanza, na ikigoma naitoa. Nakaza Nm 60, halafu 128 kwa mvuto mmoja laini, mkono ukiwa katikati ya mpini. Kliki moja inatosha. Ya pili na ya tatu zinaongeza. Ekstensheni iliyonyooka haibadilishi kipimo, ila kichwa cha renchi kishikilie kwa mkono wa pili kisilale upande.

Oili kwenye nyuzi za bolti fuata kitabu cha injini yako. Nyuzi zikiteleza, Nm zilezile zinaivuta bolti zaidi.

Toki renchi niliipima kwa dumu la lita 20 lililojaa maji, kilo 21 pamoja na dumu lenyewe. Nililining'iniza sentimita 40 kutoka katikati ya kichwa, renchi ikiwa imelala sawa, kichwa chake kikibana bolti iliyofungwa kwenye jiliwa. Hiyo ni Nm 82, na uzito wa renchi unaongeza kama 3. Ilipiga ilipokuwa kwenye 80, kwenye 90 ikanyamaza. Kwangu inatosha. Baada ya kazi irudishe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo, springi isibaki imebanwa, lakini usiilegeze kupita hapo.

Sababu ya usumbufu wote huu ni kwamba puli inashikiliwa na mbano wa bolti. Kii ipo kwa ajili ya kuoanisha. Mbano ukipungua, puli inacheza mbele na nyuma kila pistoni inaposukuma, kii inakula njia yake, na njia iliyolika ipo kwenye kranki yenyewe. Inaanza na mlio wa kugonga injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, ambao wengi wanaudhania bearing, mkanda unalia, puli inayumba ukiitazama, na oili inavuja kwenye sili ya mbele. Ukizidisha nako, bolti inanyooka au nyuzi za ndani ya kranki zinang'oka.

Mwenye Honda asinunue aina hii. Puli nyingi za Honda zina tundu la pembe sita la milimita 50 na kizuizi chake ni tofauti, tena injini ya K24 ya CR-V ya 2002 hadi 2006 inataka Nm 245, nje ya uwezo wa renchi hii.

Kizuia puli nakipa nne kwa tano. Bolti zake zingekuwa za daraja 8.8 tangu dukani ningekipa tano. Toki renchi tano. Nikimaliza napiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye puli, na kila ninapobadilisha oili nauangalia kama bado umenyooka.