Uzoefu wangu wa kutunza bwawa la kuogelea mwenyewe, Njiro, Arusha

Bwawa letu hapa Njiro lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.4, yaani takriban lita 45,000 za maji, na kwa muda mrefu lilitunzwa na fundi tuliyemlipa kila mwezi. Alikuwa na bidii katika kusugua kuta na kuokota majani, ila dawa alizitia kwa kukadiria: kopo la klorini akiona maji yamepoteza mng'ao, mrututu akiona ukijani, na shabu siku chache kabla ya wageni. Maji yalipendeza Jumamosi, na katikati ya wiki watoto wakatoka humo wakiwa na macho mekundu. Sasa kazi yote naifanya mwenyewe, na naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Arusha wanaofikiria kufanya vivyo hivyo, kwa sababu maelekezo yaliyobandikwa kwenye makopo ya dawa hayakuandikwa kwa kuzingatia maji ya kisima cha huku kwetu.

Kitu cha kwanza kununua ni kifaa cha kupimia maji, kabla ya dawa yoyote. Mimi natumia kile cha vidonge, chenye chombo kidogo cha plastiki cha kulinganishia rangi. Unazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye pampu, unajaza maji, unatia kidonge cha DPD, yaani dawa inayobadilika rangi ikikutana na klorini, bila kukigusa kwa vidole, unakiponda, kisha unatazama rangi kwa mwanga wa mchana ukiwa umelipa jua mgongo. Maji yakigeuka waridi hafifu klorini ni kidogo, na waridi ikikolea klorini imeongezeka. Upande wa pili kidonge cha fenoli nyekundu hutoa rangi kuanzia njano hadi nyekundu, na hapo unasoma pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: namba ikishuka asidi imezidi, ikipanda asidi imepungua. Ninakipenda kifaa hiki kwa sababu kinapima klorini huru, yaani ile iliyobaki na nguvu ya kuua vijidudu, na ukiongeza kidonge cha tatu kinakuonyesha pia klorini ambayo tayari imejifunga na jasho na mkojo. Vifaa vya bei ya chini vinavyotoa rangi ya njano hupima jumla ya klorini yote bila kutenganisha, kwa hiyo unaweza kuona njano nzuri kabisa ilhali klorini yenye nguvu imekwisha. Vijiti vya karatasi vya kuchovya nilivijaribu pia. Vinafaa kwa kuangalia haraka, lakini vikishaingiwa na unyevu rangi zake haziaminiki.

Kuna jambo moja ambalo kila anayetumia DPD anapaswa kulijua. Klorini ikizidi sana, kwa mfano ikipita miligramu 10 kwa lita, huweza kuifuta ile rangi ya waridi, na maji yakaonekana meupe kana kwamba hayana klorini hata kidogo. Ukiona waridi imetokea kwa nukta moja kisha ikapotea, usiongeze dawa. Chukua maji ya bwawani kiasi kimoja, uyachanganye na maji safi yasiyo na klorini mara nne yake, upime tena, kisha uzidishe jibu kwa 5.

Sasa nije kwenye maji yenyewe, kwa maana hapa ndipo Arusha inapotofautiana na sehemu nyingi. Maji mengi ya ardhini kandokando ya Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano, na yanakuja na sodiamu na bikaboneti kwa wingi huku kalsiamu ikiwa kidogo. Hali hiyohiyo ndiyo inayoiacha floraidi ibaki majini, kwani kalsiamu ingekuwa nyingi ingeikamata na kuitoa, na matokeo yake tunayaona kwenye meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia huku. Kwa mwenye bwawa, bikaboneti nyingi maana yake ni ualkali mkubwa, yaani uwezo wa maji kuimeza asidi bila pH kushuka. Kiwango kinachopendekezwa kwa bwawa ni kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, lakini maji ya kisima chetu, hata kabla hayajaingia bwawani, yanapita 250. Maji ya namna hiyo hupoteza hewa ya kaboni kidogo kidogo yanapokaa wazi, na kadiri inavyotoka ndivyo pH inavyopanda, hata kama hujatia kitu chochote. Ukiweka chemchemi ya mapambo au maporomoko, pH hupanda kwa kasi zaidi.

Kupanda huko si jambo dogo. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali inayoua vijidudu kwa nguvu. Ikifika 8, inayobaki katika hali hiyo ni kama robo tu. Ndiyo maana fundi wetu alimwaga klorini kwa wingi na bado ukijani ukarudi. Watu kadhaa walinishauri nitie magadi ili kuyalainisha maji. Kwa maji ya Arusha ushauri huo unaongeza tatizo lilelile, maana magadi hupandisha pH na ualkali kwa pamoja. Tunachohitaji ni asidi. Natumia asidi ya haidrokloriki ya takriban asilimia 32, na kwa lita 45,000 inahitajika karibu lita 0.9 ili kushusha ualkali kwa miligramu 10 kwa lita. Nilishusha kidogo kidogo, kila mara nikiacha pampu izunguke na kupima upya siku iliyofuata, kwa sababu kumimina yote kwa mkupuo kungeshusha pH hadi kiwango cha kula saruji iliyo kati ya vigae. Tangu ualkali ulipotulia karibu na 100, pH inakaa kati ya 7.2 na 7.6 kwa asidi kidogo sana ya mara kwa mara, na kiasi cha klorini ninachonunua kimepungua waziwazi.

Kuhusu klorini, nimejaribu ya unga na ya vidonge vikubwa, na nimebaki na ya unga, ambayo kikemia ni kalsiamu haipokloraiti. Hesabu yake ni rahisi: kila miligramu 1 kwa lita inadai gramu 45 za klorini halisi kwa bwawa la lita 45,000, na kwa kuwa unga wangu una asilimia 65, napima kama gramu 70 kwenye mzani mdogo ambao hauingii jikoni. Kalsiamu inayobaki baada ya unga kuyeyuka, ambayo mahali pengine ni kero kwa kuwa huacha magamba, kwa maji yetu yenye upungufu wa kalsiamu ni faida, kwani maji yasiyo na kalsiamu huitafuta kwenye saruji. Naweka maji kwenye ndoo kwanza, halafu unga juu yake, kamwe si kinyume chake. Nakoroga, naacha chokaa itulie chini, namwaga maji ya juu bwawani jua likishazama.

Vidonge vina urahisi wake, sikatai, hasa kwa anayesafiri sana. Lakini vile vya kawaida vinabeba asidi ya sianuriki ndani yake. Asidi hii ina kazi nzuri: huikinga klorini isiharibiwe na jua, na bila hiyo, katika jua la mchana la mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, zaidi ya nusu ya klorini inaweza kupotea katika saa chache tu. Kiwango cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita kinatosha. Tatizo ni kwamba haitumiki ikaisha. Kila kidonge kinaongeza nyingine, na ikishazidi klorini huwa mzito wa kufanya kazi, na njia ya uhakika ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Kwa sisi tunaonunua maji ya boza kisima kinapopungua, hiyo ni gharama isiyo na sababu. Nilitia kilo 1 na nusu hivi ya asidi ya sianuriki mwanzoni, na huwa naiongeza pale tu kipimo kinapodai.

Mrututu sitii tena. Ni kweli unaua mwani, lakini ni shaba, na pH ikipanda shaba hiyo huganda kwenye kuta. Doa la kijani-buluu lililo chini ya ngazi yetu lilitokana na huo, na hakuna brashi iliyoweza kulitoa. Shabu naiheshimu zaidi. Kiangazi kati ya Julai na Septemba, vumbi laini la volkano linaloletwa na upepo hupita kwenye mchanga wa chujio kana kwamba hakuna kitu, na shabu kidogo iliyoyeyushwa kwenye ndoo huliunganisha likazama usiku kucha. Asubuhi unalifyonza moja kwa moja hadi nje, bila kulipitisha kwenye chujio.

Chujio la mchanga ni kifaa kisichohitaji mengi. Nimeandika kwenye utepe uliobandikwa pembeni ya geji presha inayosomeka chujio likiwa safi, na ikipanda kwa pauni 8 hadi 10 kwa inchi ya mraba (psi) narudisha maji kinyume, yaani bekiwoshi, hadi kioo kidogo cha kutazamia kionyeshe maji meupe, kisha nasuuza kwa dakika moja kabla ya kurudi kwenye kuchuja. Mpini wa vali hauzungushwi pampu ikiwa inafanya kazi, maana mpira wa ndani hukatika. Sifanyi bekiwoshi kila wiki kwa mazoea kama ilivyokuwa zamani, kwa sababu kila lita ninayomwaga inafidiwa na lita mpya ya kisima yenye ualkali wake wote. Pampu naiendesha saa 6 hadi 8 kwa siku, na umeme ukikatika narekebisha saa yake kwa mkono ili isije ikazunguka usiku badala ya mchana.

Msimu wa mijakaranda, kuanzia Oktoba, kikapu cha skima, yaani mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu na takataka zinazoelea, hujaa maua ya zambarau asubuhi na jioni, na yakiachwa yakaoza klorini hutumika kuyala yenyewe. Juni na Julai maji yanapopoa mwani hulala na dawa hupungua. Ndugu zetu wa Moshi, walio chini zaidi na wenye joto zaidi, wajiandae kutumia klorini nyingi kuliko mimi.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza ni uhifadhi. Klorini na asidi hazikai chumba kimoja, kwa sababu zikikutana hutoa gesi inayoweza kuua. Klorini ya unga na ya vidonge hazichanganywi hata kwenye kopo la kupimia, kwani zinaweza kuwaka moto. Glavu na miwani ya kukinga macho ni sehemu ya bei ya kazi hii. Nimewaambia pia watoto wasimeze maji ya bwawa, maana klorini haiondoi floraidi, wala mchanga hauichuji, na jua linapoyakausha maji floraidi inabaki ikizidi kukolea.

Fundi bado namwita kwa mambo mawili: umeme wa pampu na maji yanayovuja chini ya ardhi. Hata la pili huwa nalithibitisha kwanza kwa kuweka ndoo yenye maji ya bwawa juu ya ngazi ya ndani, nikichora alama ya maji ndani na nje ya ndoo. Baada ya saa 24, ikiwa maji ya nje yameshuka kuliko ya ndani, si jua lililoyachukua, na hapo ndipo ninapopiga simu.