Mtambo wa biogesi wa mfuko (meta 6 za ujazo): unafaa, ila si kwa ng'ombe wawili

Mitambo ya mfuko wa plastiki, inayogeuza samadi kuwa gesi ya kupikia, imeenea Kenya na Tanzania, na sifa zake si za bure. Mtaro ukishachimbwa vizuri, mafundi wanaulaza mfuko na kuufunga ndani ya siku moja, wakati kuba la matofali la aina iliyoenezwa na CAMARTEC, kituo cha teknolojia za vijijini cha Arusha, linakula wiki kadhaa na saruji si haba. Mwenye ng'ombe wanne wa ndani na maji karibu anunue. Kinachotia shaka ni maneno ya wauzaji: ng'ombe wawili wanatosha, na taka yoyote ya shamba inaingia.

Tupige hesabu. Robo tatu ya mfuko ni tope, yaani lita 4,500. Juu yake inakaa gesi. Ili samadi ikae humo siku 45, ulishaji usizidi lita 100 kwa siku: kilo 50 za samadi mbichi na lita 50 za maji. Kilo moja inatoa lita 35 hadi 40 za gesi, kwa hiyo ni kama lita 1,800 kwa siku. Pleti moja ya jiko inakula lita 400 hivi kwa saa, basi una saa nne na nusu. Lakini ng'ombe wa ndani anakupa samadi ya kuzoleka kilo 10 hadi 15. Wawili ni kilo 25, sawa na saa mbili na ushee za pleti moja. Chai na ugali vitaiva, maharage yatakushinda. Wanaochungwa ndiyo kabisa, samadi yao nyingi inabaki malishoni.

Kuhusu taka: mabua ya mahindi na pumba za mpunga zikae mbali. Ni ngumu kuoza, zinaelea, zinatengeneza utando mzito unaozuia gesi na kuziba mdomo wa kutokea, na ndani ya mfuko hakuna pa kupitisha mti wa kukorogea. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga ni sawa yakikatwakatwa, ndoo moja kwa ndoo tano za samadi. Ukizidisha, tope linachacha, linanuka siki, na gesi inagoma kuwaka kwa kuwa imejaa kaboni dayoksaidi. Hapo acha kulisha kwa wiki moja, kisha rudi na samadi tupu kidogo kidogo. Maji ya sabuni na dawa ya kuogeshea mifugo visiingie hata tone, vinaua bakteria.

Gesi ya kwanza kabisa haiwaki, iachie itoke. Sehemu za baridi kama Njombe subira inahitajika zaidi.

Udhaifu mkubwa wa mfuko ni presha: gesi inaweza kusukuma maji sentimeta chache tu. Jiko likiwa meta 30 kutoka mtamboni, bomba la nusu inchi halifai, weka la robo tatu. Moto ukirukaruka, maji yametuama bombani; ndiyo maana sehemu ya chini kabisa inafungwa tii (kiungo cha bomba chenye midomo mitatu) yenye koki, ifunguliwe kila wiki. Chupa ya usalama, inayotoa gesi ikizidi na ambamo bomba linazama sentimeta 10 majini, hukauka wakati wa jua na gesi yote ikapotea kimya kimya. Watu wanamlipa fundi nauli kwa tatizo la kikombe cha maji! Chujio nalo ni stilwaya ya kusugulia sufuria: ikiwa nyeusi, badilisha, la sivyo salfa itakula jiko.

Jiko la gesi ya mtungi lisiunganishwe hivi hivi, tundu zake za gesi ni ndogo mno kwa biogesi. Na uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo, kamwe si kwa kiberiti.