Kununua kompyuta mpakato ya mtumba ya Linux jijini Mwanza: anza na kadi ya waifai

Muuzaji atakutajia prosesa, RAM na ukubwa wa diski. RAM na diski utaongeza baadaye, na prosesa ya miaka minane iliyopita bado inaandika barua na kufungua mitandao bila shida. Asichokutajia ni nani aliyetengeneza chipu ya waifai. Kwa mtu anayetaka kuweka Linux, raha au karaha ya mashine hiyo inaamuliwa hapo.

Hapa tumepanga mashine za mtumba kuanzia ya kununua bila kusita hadi ya kuiacha mezani. Kipimo ni kimoja: mashine inakuja na msimbo uliofungwa kiasi gani, na msimbo huo unakaa wapi.

Kukaa wapi ndiko muhimu zaidi. Kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi), aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ni huria: msimbo wake chanzo unasomeka, na akitokea mtu wa kuurekebisha anaurekebisha. Ila vifaa vingi ndani ya mashine vinadai faili la binari ambalo mtengenezaji hatoi chanzo chake. Mafaili hayo ni ya aina mbili, na watu huyachanganya. Ya kwanza ni femuwea. Draiva huria (programu inayoiwezesha kerneli kutumia kifaa) hulichukua faili kwenye diski na kulipakia ndani ya chipu kila mashine inapowaka, na tangu hapo faili hilo linaendeshwa na prosesa ndogo ya chipu yenyewe. Hulioni ndani, lakini kerneli ikibadilika faili halijali, maana halimo ndani ya kerneli. Aina ya pili ni draiva iliyofungwa. Hiyo inaingia ndani ya kerneli, inaendeshwa kwa mamlaka yote ya kerneli, na imefungamana na jinsi kerneli ilivyokuwa siku ilipotengenezwa. Kerneli ikisonga mbele na mtengenezaji asisonge nayo, waifai inakufa. Femuwea tunaweza kuishi nayo. Draiva iliyofungwa ndani ya mashine ya mtumba ni deni.

Nafasi ya kwanza: mashine za ofisi zenye waifai na grafiksi za Intel

Hapa wamo ThinkPad T460, T470 na X260, HP EliteBook 840 G3, na Dell Latitude E7470. Nyingi kati ya hizi zina kadi ya Intel 8260 au 8265. Draiva yake, iwlwifi, ni huria na imo ndani ya kerneli. Femuwea imefungwa, lakini Intel wanaruhusu isambazwe, kwa hiyo mifumo endeshi inakuja nayo.

Kwa Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, jambo hili lina historia ya kujua, kwa sababu maelekezo ya zamani bado yanazunguka. Zamani flashi rasmi ya Debian haikubeba femuwea yoyote iliyofungwa. Usakinishaji ulisimama katikati ukidai faili la waifai, nawe usingeweza kulipakua kwa sababu waifai yenyewe ilikuwa ikilingoja faili hilohilo. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 femuwea imo kwenye flashi rasmi. Iliwekwa kwenye fungu lake lenyewe liitwalo non-free-firmware. Ukipandisha toleo la 11 kwenda 12 huku /etc/apt/sources.list yako (orodha ya vyanzo vya vifurushi) ina non-free tu, femuwea haitasasishwa tena. Ongeza neno hilo jipya kwenye kila mstari.

Epuka T460p na nyingine zenye grafiksi ya pili ya NVIDIA, hata kama muuzaji anaisifu kwa michezo. Sababu iko chini.

Nafasi ya pili: mashine yenye Atheros ya ath9k

Kwa mtu anayekataa msimbo uliofungwa kabisa, hii ndiyo ya kwanza. Chipu za Atheros kama AR9280, AR9285, AR9380, AR9462 na AR9485 hazihitaji faili lolote la femuwea kutoka kwenye diski. Draiva ya ath9k inatosha. Zinafanya kazi hata kwenye Trisquel, mfumo wa Linux ambao hauna femuwea iliyofungwa hata moja, na baadhi yake zinafanya kazi kwenye OpenBSD, mfumo endeshi huria usio Linux, kwa draiva ya athn.

Kinachoishusha hadi nafasi ya pili ni umri. Kadi hizi ni za enzi za 802.11n, kiwango cha zamani cha waifai, na mashine zinazozibeba mara nyingi ni za mwaka 2010 hadi 2014. Betri imechoka, na kwa mji ambao umeme unaweza kukatika ukiwa katikati ya kazi, betri si jambo dogo.

Tahadhari moja: jina Atheros peke yake halitoshi. QCA9377 na QCA6174 ni za ukoo huohuo lakini zinatumia draiva ya ath10k, na hizo zinadai femuwea.

Unaweza pia kununua mashine ya kadi nyingine kisha ukabadilisha. Kabla hujalipa fundi, jua mambo mawili. ThinkPad X220, X230, T420 na T430 zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS, programu inayowasha mashine kabla ya mfumo endeshi. Ukiweka kadi isiyomo, mashine inasimama na ujumbe "1802: Unauthorized network card is plugged in" na haiendelei. EliteBook za zamani zina zuio kama hilo. Dell Latitude za kipindi hicho, mfano E6420 na E6430, hazina, na ndiyo maana tunazipendelea kwa kazi hii. La pili ni umbo: mashine hizo za zamani hutumia kadi ya mini PCIe, za baadaye hutumia M.2, na hata vichwa vya nyaya za antena havilingani. Kwenye M.2 ni vidogo zaidi. Vichomoe kwa kuvinyanyua wima kwa ncha ya plastiki. Ukivuta waya, kichwa kinang'oka.

Nafasi ya tatu: Realtek

Mashine za nyumbani za HP na Lenovo za bei ya chini zimejaa Realtek. Si mbaya kama zinavyosemwa, lakini kila chipu ina tabia yake. RTL8821CE iliwatesa watu miaka kadhaa kwa draiva za kujijengea, ila Debian 12 yenye kerneli 6.1 inaitambua, mradi kifurushi cha firmware-realtek kiwepo. Ikiwa inakatika kila baada ya dakika chache, tengeneza faili /etc/modprobe.d/rtw88.conf lenye mstari huu, kisha uwashe mashine upya:

options rtw88_pci disable_aspm=1

RTL8723BE ina kasoro nyingine. Waifai inaonekana, lakini ukisogea hatua chache kutoka kwenye ruta mawimbi yanaisha. Mara nyingi mashine imefungwa antena moja, na draiva inasikiliza tundu ambalo halina antena. Weka options rtl8723be ant_sel=2 kwenye faili la namna hiyohiyo; isipobadilika jaribu 1. Dukani kasoro hii huioni kwa sababu ruta iko juu ya kichwa chako, kwa hiyo toka nayo hadi barazani ukapime huko.

Nafasi ya nne: yenye NVIDIA

NVIDIA walikuwa na draiva iliyofungwa miaka yote, na moduli huria za kerneli walizozitoa Mei 2022 zinahusu chipu za kizazi cha Turing na kuendelea. Mashine ya mtumba ya bei ya kawaida haifiki huko. NVS 5200M iliyomo kwenye baadhi ya Latitude E6430 inategemea draiva ya mfululizo wa 390, na NVIDIA waliacha kuihudumia mwisho wa 2022. Draiva huria ya nouveau inaonyesha picha, lakini joto na betri vinateseka. Kama mashine ni nzuri kwa mengine yote, ingia BIOS na uzime Optimus (ubadilishanaji wa grafiksi za Intel na NVIDIA) ili ibaki grafiksi ya Intel peke yake. Chaguo hilo lisipokuwepo, iache.

Nafasi ya mwisho: Broadcom, pamoja na MacBook Air

Broadcom BCM43142 iko kwenye mashine nyingi za nyumbani, na BCM4360 iko kwenye MacBook Air za 2013 hadi 2017. Zote mbili zinategemea draiva iitwayo wl. Ukifungua kifurushi chake utakuta faili wlc_hybrid.o_shipped. Hilo ndilo binari lenyewe, limeshakusanywa na Broadcom, na linazungukwa na msimbo mwembamba unaojengwa upya kwa kila kerneli mpya. Toleo lao la mwisho, 6.30.223.271, ni la mwaka 2015. Tangu hapo wanaoishikilia ni watu wa Debian, Ubuntu na wengine wanaotia viraka kwenye ule msimbo wa nje. Ndani hakuna wa kugusa.

Hivi ndivyo inavyoharibika: unasasisha mfumo jioni, kerneli mpya inaingia, kifurushi cha linux-headers-amd64 hakipo, ujenzi unashindwa kimyakimya, na asubuhi hakuna waifai. Au ujenzi unafaulu lakini Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati wa kuwasha) imewashwa, na kerneli inaikataa moduli isiyo na saini kwa ujumbe "Key was rejected by service". Wakati wa kuwasha chagua "Advanced options" kwenye GRUB (menyu ya kuwashia mfumo), rudi kwenye kerneli ya zamani, kisha urekebishe. Ni kazi ya kurudia mwaka hadi mwaka, na hakuna punguzo la bei linaloilipa.

Kama tayari unayo, tafuta waifai ya USB yenye AR9271. Femuwea ya chipu hiyo chanzo chake kilifunguliwa mwaka 2013. TP-Link TL-WN722N toleo la 1 ndiyo iliyokuwa nayo. Matoleo ya 2 na 3 yana Realtek ndani ya umbo lilelile, kwa hiyo soma "Ver" kwenye kibandiko kabla ya kulipa. Ukiichomeka, amri ya lsusb ionyeshe 0cf3:9271.

Kuipima dukani

Anayetoka Nansio au Bukoba hawezi kurudi kesho kubadilisha, kwa hiyo vipimo vyote viishe kabla ya risiti. Nenda na flashi ya GB 8 yenye Debian ya kuendeshwa bila kusakinisha. Iandae nyumbani, kwa kuwa faili lake la ISO ni takribani GB 3 na bando la simu si la kuchezea:

sudo dd if=debian-live.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Herufi ya mwisho ya /dev/sdX ihakikishe kwa lsblk, maana ukikosea unafuta diski yako. Kwenye Windows tumia Rufus.

Dukani, gonga F12 kwa Lenovo na Dell, au F9 kwa HP, uchague flashi. BIOS ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, mazungumzo yaishie hapo. Mfumo ukiwaka fungua terminali uandike lspci -nnk, kisha utafute mstari wa mtandao:

Network controller [0280]: Intel Corporation Wireless 8260 [8086:24f3]
Kernel driver in use: iwlwifi

Tarakimu nne za kwanza kwenye mabano ya mwisho ndizo zinazotaja mtengenezaji, na hazidanganyi hata kama kibandiko kimebadilishwa. 8086 ni Intel, 168c ni Atheros, 10ec ni Realtek, 14c3 ni MediaTek (ichukulie kama Intel kwa mashine mpya zaidi), 10de ni NVIDIA. Ukiona 14e4, hiyo ni Broadcom. Kwa 168c soma na tarakimu zinazofuata: 002a, 002b, 0030, 0032 na 0034 ni za ath9k; 003e na 0042 zinataka femuwea.

Kisha andika sudo dmesg | grep -i firmware. Usishtuke ukiona "failed with error -2". Maana yake ni kwamba faili hilo halikupatikana, na iwlwifi huanza kuulizia toleo la juu kabisa ikishuka moja moja. Kwa kadi ya Intel, kinachotakiwa ni mstari wa mwisho useme "loaded firmware version". Usipouona kwenye Intel, waifai haipo.

Waifai ikikataa baada ya kufika nyumbani, simu ya Android na waya wa USB vinatosha. Washa kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao bila femuwea yoyote. Njia hiyohiyo ndiyo ya kulisha fw_update, amri ya kupakua femuwea, kwenye OpenBSD, ambayo haibebi femuwea ya waifai ya Intel kwenye flashi yake na huenda kuichukua mtandaoni mara ya kwanza inapowaka. Simu ikikosekana, pakua firmware-iwlwifi kwenye mashine ya jirani, ihamishie kwa flashi, uisakinishe kwa sudo apt install ./ ikifuatiwa na jina la faili, bila nafasi kati ya mkwaju na jina.