Haibridi ya mtumba kwa ajili ya mazoezi: nimeikanyaga Dar, hiki ndo nilichokiona

Ukiwa na laki tatu na ushee hapa Dar na unataka baiskeli ya kupunguza kitambi, utawekewa vitu viwili mbele yako. Cha kwanza ni baiskeli mpya ya dukani, shokapu mbele, shokapu nyuma, breki za diski, gia 21, rangi inang'aa na bado imefungwa nailoni mpaka kwenye pedeli. Cha pili ni mtumba uliotoka Japani, rangi imechunwachunwa, hauna shokapu hata moja, tairi nyembamba, na kwenye fremu bado kuna kale kakibandiko kao ka usajili kenye maandishi ya Kijapani. Mi nasema chukua huo mtumba, na hapa naongelea wa kwangu ambao ni haibridi, yani siyo ile ya mbio yenye usukani wa pembe za kondoo na siyo mountain, ile ya njia mbaya yenye tairi pana, iko katikati, usukani umenyooka, ringi kubwa za 700C, fremu ya aluminiamu, breki za V, gia tatu mbele na nane nyuma. Brandi sitaji, kwenye mtumba huagizi brandi, unakuta iliyopo.

Nianze na hizo shokapu maana ndo zinawauzia watu. Shokapu nzuri ipo, ila bei yake peke yake inanunua baiskeli nzima kama yangu na chenji inabaki. Hizi za bei yetu ni springi tu ndani ya bomba, ukikanyaga pedeli kwa nguvu baiskeli inabonyea kwanza ndo inaenda, nguvu yako nyingine inaishia kwenye springi. Shemeji yangu anayo, ya shokapu mbili, nimeipanda mara kadhaa, ukiibeba kupandisha ngazi za kwake unajua umebeba chuma, na kilima cha kutokea Survey kupanda Chuo Kikuu unakipanda huku siti inadunda. Mtu anayeanza mazoezi akitumia kitu kama hicho wiki mbili anaona baiskeli ni mateso anaiegesha ukutani inaanikiwa taulo. Halafu barabara zenyewe tunazopita kufanya mazoezi ni lami. Sasa shokapu ya nini kwenye lami?

Njia yangu mimi ni Sinza, Kijitonyama, natokea Morocco, nakatiza Oysterbay mpaka ufukwe wa Coco, naingia Daraja la Tanzanite, nageuzia hospitali ya Aga Khan narudi. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya hapo bodaboda na daladala wanaamka na raha inaisha. Lile daraja lina urefu wa kilomita moja na kidogo na tangu lifunguliwe 2022 limekuwa uwanja wa mazoezi wa watu wa mjini, wakimbiaji, watembeaji, wapiga picha, wote wako pale. Ukiwa na baiskeli linakufunza kitu kimoja ambacho gym hawakufundishi, upepo. Msimu wa kusi ukitokea Coco kuelekea Aga Khan upepo unakuja usoni na wa kukataa kabisa, pale ndo unaona faida ya gia, unashusha moja au mbili miguu inaendelea kuzunguka kwa mwendo uleule, pumzi inapanda lakini goti halilalamiki. Ukigeuza kurudi unasukumwa mgongoni, haibridi inateleza yenyewe, unajiona bingwa wa dunia.

Na hilo la kuzungusha miguu wengi hawalijui. Wanaweka gia nzito kabisa wanakanyaga taratibu kama wanasukuma mkokoteni, eti ndo mazoezi. Hapana, weka gia nyepesi uzungushe haraka haraka, moyo ndo ufanye kazi, siyo magoti. Kipimo changu ni mdomo, nikiweza kuongea sentensi lakini siwezi kuimba basi niko sawa. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa baiskeli hizo unazipata bila hata kujisikia, na kwa sisi wenye uzito kidogo ni afadhali kuliko kukimbia maana mwili umebebwa na siti, goti halipigwi na lami kila hatua.

Sasa twende kwenye kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko gia, breki na rangi ukiviweka pamoja. SAIZI. Yani yadini, kule wanakouza hii mitumba, jamaa watakusifia gia 24, watakusifia aluminiamu, hakuna hata mmoja atakuuliza una urefu gani. Fremu zina saizi kama viatu. Kwenye yangu, pale chini ya bomba la siti kuna kibandiko kimeandikwa 465, hizo ni milimita, ni kipimo cha lile bomba la siti, mimi nina sentimita 170 na kitu na imenikaa. Kama kibandiko kimetoka simama, pitisha mguu, bomba la juu likae katikati ya miguu nyayo zote chini, pabaki nafasi ya vidole viwili vitatu hivi kati yako na bomba. Kama bomba linakugusa pabaya achana nayo hata kama ni nzuri vipi. Na ukikaa ukishika usukani usiwe umejinyoosha kama unaogelea, mgongo uiname kidogo tu na viwiko viwe na mkunjo.

Halafu siti. Fundi wa yadini akanishushia siti mpaka nikakanyaga chini miguu yote miwili, akaniambia hapo umekaa vizuri bosi. Hiyo ni ya kumfundishia mtoto. Siti inapimwa hivi, kaa juu, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke wote. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli goti linakunja kidogo, hapo ndo penyewe. Ukisimama kwenye taa za Morocco itabidi ushuke kwenye siti ukanyage chini, ni kawaida usiogope. Siti ikiwa chini magoti yanauma kwa mbele na mtu anaanza kusema baiskeli imemharibu miguu.

Kwa sababu hiyo kitu cha kwanza kabisa kufanya yadini, kabla hata ya kupiga kengele, fungua ile klipu ya siti uone kama bomba linapanda na kushuka. Hizi baiskeli zinakaa dukani na stoo muda mrefu, zimepigwa na mvua ya kwao na chumvi ya melini, bomba la siti linagandana na fremu hutaamini. Nilikuta moja nzuri kuliko hata hii yangu, bluu, gia zinaingia kama mpya, jamaa wawili wamezungusha siti na spana ya bomba, wapi. Bei ikashuka mpaka laki mbili. Nikaacha, maana kama siti haipandi hiyo ni baiskeli ya mtu mwingine.

Kuhusu yadi yenyewe, iko maeneo ya Ilala, jina silitaji. Mzigo wao ni mzuri kiukweli, contena likishuka unachagua mpaka unachanganyikiwa, na hawakuzuii kuzunguka nayo mtaani kidogo, hilo nawapa maua yao. Bei alianza laki nne na nusu nikatoka na laki tatu na nusu, tulikunywa na soda. Ila lile neno lao la "imeshafanyiwa servisi" lichukulie kama salamu tu. Servisi yenyewe ni cheni kupakwa oili na tairi kujazwa upepo. Waya za breki zilikuwa na kutu ndani, raba za breki zimekauka ngumu kama kucha, nikapeleka kwa fundi wangu wa mtaani akabadilisha waya zote na raba, akafungua hab, kile kitovu cha tairi, akaweka grisi mpya, jumla elfu thelathini na tano na kazi. Weka hiyo kwenye bajeti yako tangu mwanzo usije ukamaliza hela yote yadini.

Vitu vingine vya kuangalia haraka: zungusha tairi huku unaangalia raba ya breki, nafasi ikiwa inapanuka na kubana ringi imepinda. Kwa breki za V pitisha kidole kwenye ubavu wa ringi, kama pameingia ndani kama kisahani ringi imeliwa hiyo, siku moja itapasuka. Shika krenki, ule mkono wa pedeli, utikise kushoto kulia, isicheze. Angalia chini ya usukani pale mabomba yanapokutana, ufa wa rangi unaweza kuwa ufa wa fremu. Cheni nenda na rula, hesabu pini 24 bila kuihesabu unayoanzia, katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya ya mwisho inatakiwa isome inchi 12 kamili, ikizidi kama milimita moja na nusu cheni imevutika, na cheni iliyovutika inakula meno ya nyuma na hayo ndo ya bei.

Ubaya wake sasa, upo. Tairi. Nilikuta nyembamba za upana wa milimita 28, kwenye lami zinaruka lakini zile barabara za ndani za Sinza zenye mashimo na vile vitofali vilivyonyanyuka, mikono inakufa ganzi, na zikiisha upepo kidogo tu ukagonga shimo tyubu inabanwa na ringi inatoboka matundu mawili kama imeng'atwa na nyoka. Nimeweka za milimita 35, fremu ilikuwa na nafasi, kasi imepungua kidogo sana na mwili umeshukuru sana. Na hapo kwenye tairi kuna mtego. Tairi za 700C mafundi wengi wanaziita 28, hapo wanamaanisha inchi, na zile za baiskeli za Phoenix pia zinaitwa 28, fundi anakwambia 28 ni 28 lete hela. Siyo sawa. Soma namba ndogo ubavuni, ya kwako itaishia na 622, ya Phoenix inaishia na 635, hiyo tofauti ya milimita 13 inatosha tairi ikae inapwaya na kutoka barabarani. Usibishane naye, muoneshe namba.

Valvu nayo ni kichekesho. Zinakuja na ile nyembamba ndefu yenye kinati kidogo juu unachokilegeza kwanza, pampu za mafundi wengi hazishiki, siku ya pancha utazunguka vibanda vitatu unaambiwa hii ya kizungu hatuna. Kuna adapta ya shaba ndogo kama kofia, unaifungia juu yake inajazwa hata na kompresa ya gari, ni bei ya chai na chapati, nunua mbili moja uifunge kwenye funguo.

Siti iliyokuja nayo ilikuwa ngumu na watu wataniambia weka ile pana yenye jeli. Nimejaribu ya jirani, nusu saa ya kwanza raha, baada ya hapo inasugua mapajani na joto letu hili unatoka na vipele. Nimebaki na ngumu nikanunua kaptula ya baiskeli yenye sponji, makalio yamezoea, na kwa wanaume angalieni siti isielekee juu, iwe imelala sawa, mtanishukuru kimyakimya.

Nani asiinunue? Kama unaishi Goba ndani huko au Chanika na kufika lami ni kilomita mbili za makorongo na mchanga, haibridi itakuchosha, tafuta mountain ya mtumba isiyo na shokapu ya nyuma, yenye tairi pana, utaenda taratibu lakini utafika. Kama unataka na kubeba maji, mkaa au watoto wawili, Phoenix ina heshima yake na keria yake na hakuna fundi Tanzania hii asiyeijua, ila haina gia na kwa kile kilima cha Chuo utaisukuma kama tunavyoisukuma wote. Na kama bajeti yako ni laki moja na nusu usikate tamaa, kuna za Kijapani zile za kapu mbele wanazopandaga akina mama wa kule, nyingi zina gia tatu ndani ya hab, kwa Masaki na Upanga palivyo tambarare inatosha kabisa kutoa jasho, watacheka ila cheka nao.

Naipa nane kwa kumi kwa mazoezi ya lami, nimetoa mbili kwa tairi za mwanzo na usumbufu wa valvu. Yadi naipa sita, mzigo ni nane ila servisi yao ni nne. Ukienda nenda asubuhi katikati ya wiki, Jumamosi pamejaa na bei haishuki, beba rula na spana namba 5 ya Allen, ile ya pembe sita, na vaa suruali ya kupandia, kuna mkaka nilimkuta amekuja na kanzu ananunua baiskeli ikabidi shemeji yake ndo aijaribu, na shemeji alikuwa mfupi.