Viazi vya kibanda cha Sinza: vitamu, ila mwageni debe kwanza

Jamani mi sio mtu wa kuandika riviu ila hii imenikaa rohoni. Kuna kibanda huku kwetu Sinza, jina naliacha, wanauza viazi mviringo vya Njombe, debe nimechukua elfu 18, jamaa anakuletea mpaka getini kwa bodaboda, nauli yako.

Debe zima la nini? Shemeji. Mdogo wangu kaolewa na Muayalandi, wamekuja likizo, na baba yake shemeji analima viazi Mayo, huko magharibi mwa Ayalandi, kishamba cha familia tu, basi ukimwekea kiepe yai anakula kwa heshima lakini macho yanatafuta sufuria. Anataka vya kuchemsha na maganda yake, siagi na chumvi, basi. Nikachemsha, vikapasuka maganda vyenyewe, ndani unga mtupu. Shemeji kafurahi huyo! Kwao vikiwa hivyo wanaviita madonge ya unga, ndo sifa ya kiazi, na kavimaliza vinne mchuzi wangu bado uko jikoni. Hapo nyota tano.

Sasa kumwaga debe lote, juu vikubwa visafi, chini vidogo kama ndimu na vingine kijani kabisa. Mi ningemenya nikaange yaishe, shemeji akavitenga kimoja kimoja, hivi vimepigwa na mwanga vina sumu, tupa. Akaanza kusimulia babu yake alivyokuwa akivuna anavilundika palepale shambani, anafunika majani makavu na udongo juu, mwanga hauingii wala baridi, wanachota kidogo kidogo msimu wote wa baridi, kupanda tena ni karibu na sikukuu ya Mtakatifu Patrick, 17 Machi. Na mbolea ya matuta yao ni mwani wa ufukweni! Mwani huu huu ambao Zanzibar tunalima tuuze. Baka chelewa, ule ugonjwa wa kuozesha viazi, walilipigia mrututu, ile dawa ya bluu ya shaba, uliochanganywa na magadi ya kufulia, maana baka hilo lilipoingia kwao 1845 ilikuja njaa iliyoua watu kama milioni 1. Ndo maana hana utani na kiazi.

Nikarudi kibandani na vile vya kijani kwenye mfuko. Nakuta magunia yamepangwa nje, jua la saa saba hilo. Jamaa ananiambia "dada mbona hivyo vinaiva tu", nikamwambia kuiva vinaiva, sumu haitoki kwa moto, tafuta hata turubai ufunike. Hakubisha sana, akanibadilishia vyote akaniongezea na vitunguu viwili, kwa hilo namsifu.

Juzi nimepita, magunia bado yako juani, lile analonipimia mimi tu ndo kaliweka ndani. Nitanunua tena, ila sado sado, na anamwaga chini mbele yangu kabla sijatoa hela.