Mafunzo ya vipimo na skana kwa wauguzi wa meno: alginati ndiyo iliyonilipa

Nimemaliza mafunzo ya wauguzi wa meno ya kuchukua vipimo, yaani nakala ya umbo la meno na taya, kwa alginati (unga unaokorogwa na maji ukaganda kinywani), silikoni (nyenzo ya kukanda inayoganda kama mpira) na skana ya kinywani. Tangazo lilipamba skana, na wengi tulijiandikisha kwa ajili hiyo. Kilichonifaa zaidi ni alginati.

Mkufunzi hakuanza na unga, alianza na trei, kibebeo kinachoingiza alginati kinywani: ifunike magego ya mwisho, na ibakize nafasi ya milimita 3 hivi kati yake na meno. Ikigusa jino, kipimo kimeharibika hata ukoroge vizuri namna gani. Kisha maji. Ya uvuguvugu huigandisha alginati kabla hujafika kinywani, ya baridi hukupa muda. Tulikoroga kwa kuukandamiza mchanganyiko kwenye ukuta wa bakuli ili hewa itoke, maana kiputo kikibaki juu ya jino hugeuka kinundu kwenye plasta inayomiminwa ndani ya kipimo kutengeneza mfano wa meno, na fundi wa maabara hakawii kukurudishia kazi.

Halafu tukapimana wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo ada yangu ilipolipa. Ukishawekewa trei ya juu ukaisikia alginati ikitambaa kuelekea kooni, humwambii tena mgonjwa "tulia tu". Unamketisha wima, unaanza na taya la chini apate kuzoea, unakandamiza trei ya juu kuanzia nyuma ili ziada itokee mbele, na unamwomba ainamishe kichwa huku akipumua kwa pua.

Silikoni ilipitiwa haraka. Nilichoandika kwa wino mwekundu ni glavu: za lateksi zina salfa inayoizuia silikoni ya adisheni (aina mojawapo ya silikoni ya vipimo) isigande, kwa hiyo ukikanda nazo utangoja bure. Vaa za vinaili.

Skana ndiyo iliyopwaya. Mashine moja kwa kundi zima, kila mtu anaonja na kupisha mwenzake. Maelezo yenyewe yalikuwa sahihi: kausha meno, anza na sehemu ya kutafunia, nenda upande wa ulimi, malizia upande wa shavu. Usirukeruke, kwa kuwa programu huunganisha picha zinazopandana, na makosa madogo hujilimbikiza ukipima taya zima. Ukingo wa jino uliozama kwenye mate au damu hauonekani, uwe na mashine ya bei gani. Lakini kusafisha kichwa cha skana na kutuma faili maabara? Hayo yaliachwa kwenye makabrasha.

Nilipenda kwamba cheti hakitoki mpaka daktari wa meno asimamie vipimo vyako kazini na kusaini daftari. Ukiona mafunzo yanayotoa cheti jioni ileile, uliza maswali. Uliza pia kama sheria za nchi yako zinamruhusu muuguzi kupima, na kwa maagizo ya nani.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Mwenye shida ya skana peke yake amwombe aliyewauzia mashine aje awafundishe papo hapo kliniki, kwenye kifaa mtakachokitumia.