Klabu ya mabuku ya librairi (duka la vitabu) yetu hapa Lushi (Lubumbashi): klabu uende, kozeri ujichagulie

Watu wananiuliza sana kama ile librairi ndogo ya katikati ya mji, ile haiko mbali na Posta, kama inafaa kweli ama ni ya watu wa kujionesha tu. Mi niko naenda mule tangu walianza kupanga viti siku ya posho (Jumamosi) mchana, basi nisema moja kwa moja: klabu ya kusoma iko muzuri, muzuri sana hata, kozeri za waandikaji (zile siku mwandikaji anakuja kuongelea kitabu chake) zinategemea siku na zinategemea nani ameshika mikro.

Nianze na kozeri juu ndio zinapigiwa kelele kwa WhatsApp. Afishi (tangazo) ya rangi, mwandikaji ameshika kidevu, saa 8 kamili. Saa 8 kamili mule ndani muko sentineli (mlinzi) na kijana anapangusa viti. Saa 9 na nusu njo modereta anasimama, anasoma CV ya mwandikaji tangu shule ya primeri, kiisha anaitwa mheshimiwa fulani aseme neno, kiisha profesa fulani anatoa utangulizi wenye urefu wa kitabu chenyewe, na mwandikaji, yeye tumekuja juu yake, anabakia na kipande kadogo ka saa mbele kuran (umeme) ikatike. Na ikikatika wanawasha grupu (jenereta), na grupu iko pale pale nyuma ya mlango, basi wenye kukaa mbele wanasikia, sisi wengine tunaangalia midomo. Kiisha zinakuja maswali. Hapo sasa. Mtu anachukua mikro anasema mi siko na swali, niko na kontribisio, na unajua umekwisha. Kuna papa mmoja (ndugu zangu wenye kwenda mule wanamjua) hata kitabu kiongelee kilimo ama mapenzi, yeye anakifikisha kwa Konferansi ya Berlin, 1885, mipaka, walitukata sawa keki. Sisemi ni uongo, ila siku moja mwandikaji, dada mmoja, alikuwa amekuja kuongelea mashairi.

Siku moja walitaka kumleta mwandikaji mwenye kuishi Ulaya kupitia ekran. Wazo zuri, mi nililipenda. Tuliona uso wake umekwama na jicho moja limefunga, sauti inakuja vipande vipande, na kila mtu mule alikuwa na dawa yake ya koneksio, toa kamera, weka kamera, chukua ya Airtel, hapana ya Vodacom, mwisho mama mwenye duka akasimama na kusoma yeye mwenyewe kurasa chache za kitabu kwa sauti. Kusema kweli ile ndio ilikuwa sehemu nzuri kupita zote za ile siku.

Ila nisiseme kozeri zote ni mbovu, ni kuongopa. Zile hazina afishi kubwa ndio zinakuwaka na utamu. Kulikuja dada mmoja bado kijana, ametoa kitabu chake cha kwanza, hakuna mheshimiwa, hakuna profesa, watu ishirini hivi na madumu mawili ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha kienyeji. Yule dada hakutueleza "ujumbe" wa kitabu, alitueleza pesa. Namna alipeleka maandishi kwa watu wa kuchapisha huko Ulaya wakamjibu aahidi kununua yeye mwenyewe nakala fulani za kwanza, akapiga hesabu, akaacha. Akaingia likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) na wenzake wa kazi, zamu yake ilipofika akapeleka ile pesa yote kwa imprimeri ya hapa mjini, wakamchapia nakala 200, na zingine kurasa zimegeuka chini juu. Akatuonesha moja. Akacheka yeye mwenyewe. Watu waliuliza maswali ya kweli ile siku: nani alikusahihishia, unauzia wapi, mashuleni wanakubali, wakikopa wanalipa? Kuhusu hii ya mwisho alinyamaza kidogo halafu akasema wakwe ndio wabaya kupita wote. Nakala zake zenye alileta zote ziliisha, na dedikasi aliandika moja moja bila haraka, anakuuliza kwanza jina na unaishi komini gani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kozeri: ukiona kwa afishi majina ya waalikwa wa heshima yamepita matatu, baki nyumbani ufue nguo.

Sasa klabu. Hii ndio nataka niongelee kabisa.

Shida ya kwanza ya klabu yoyote ya kusoma hapa kwetu haiko uvivu, watu wanasemaka wakongomani hawasomi, mi sikubali, shida ni bei. Romani (riwaya) mpya yenye kutoka Paris ikifika hapa inaweza kupita dola 20, na mwalimu mwenye watoto watano hawezi kununua romani ya dola 20, hawezi, hata ukimuhubiria. Zile za pa chini, za wale vijana wanatandaza vitabu kwa bashi, ziko bei ya chini lakini unapata chenye unapata, huwezi kusema watu 25 mwezi huu tusome hiki. Kule kwa mapadri unapata vitabu vya ibada na vya shule, romani kidogo. Basi mama mwenye duka alipanga hivi: klabu inanunua nakala nne ama tano na pesa ya michango, zinawekwa karatasi ya jina nyuma ya jalada, kila mtu anakaa nayo wiki moja halafu anampatia mwenye kufuata kwa listi. Ukichelewesha unalipa amande (faini), franka 1000 kwa siku, na jina lako linaandikwa kwa ubao pale karibu na kesi (pa kulipia), kila mteja anaona. Hiyo ya ubao inauma kupita amande. Ndiyo maana mkutano haufanyike kila mwezi, unafanyika wakati kitabu kimemaliza kuzunguka, na mi naona ni sawa, juu kwa klabu zingine watu wanakuja bila kusoma wanatikisa kichwa tu.

Kitabu cha kwanza chenye kilituchoma kilikuwa Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila. Yeye ni mtoto wa hapa, amezaliwa Lubumbashi 1981, sasa anaishi Graz, Autriche, na kile kitabu kilitoka 2014. Mji wenyewe mule hauna jina letu, anauita Mji-Nchi, kuna bari, kuna gari la moshi, kuna stasio yenye haijaisha kujengwa, kuna wachimbaji, wanafunzi, watalii wa kutafuta faida. Nusu ya klabu wakasema huu ni mji wetu mtupu, wengine wakasema hapana ametusingizia. Papa mmoja wa zamani wa Gécamines, ile kampani ya migodi ya serikali, ni wa wale wa departi volonteri ya 2003 (kuacha kazi kwa kupenda), alikuja na nakala imejaa vikaratasi akaanza kueleza kila gari la moshi lilikuwa linapita wapi, huku akimkosoa mwandikaji sawa injenia anakosoa plani, halafu mama mmoja wa Kamalondo akamkata, akasema papa acha treni, mi nataka tuongelee wale wasichana, juu ya nini kila msichana mule kazi yake ni kuuliza wanaume saa. Kukawaka moto. Tulianza na Kifaransa, kila mtu anajipima na maneno makubwa, lakini yule mama alipoanza hasira alianza na Kiswahili, na tangu ile dakika hakuna mtu alirudia Kifaransa tena, na wale wenye walikuwa wanakaa kimya tangu mwanzo, hasa wamama na vijana wa Katuba, ndio walisema mambo yenye akili kupita. Mpaka leo ndivyo tunaendaka, ukitaka Kifaransa sema, ila hakuna mtu atakupigia makofi juu yake.

Nyingine yenye siwezi kusahau ni ile tulisoma Vocabulaire ya mji wa Elisabethville. Kama haujaisikia, ni maandishi ya 1965, mji wetu huu bado unaitwa Elisabethville, yaliandikwa na André Yav kwa niaba ya chama cha wale waliofanyaka kazi ya boyi kwa wazungu, na yameandikwa kwa Kiswahili chetu cha hapa hapa, hakikunyooshwa na mtu. Hiyo hatukununua, tulifotokopi, kwa hiyo kila mtu alikuwa na yake. Wiki ya kwanza watu wote wanalalamika: hatuelewi, sentensi zinashikana, pointi hakuna, maneno yamekatwa pabaya. Halafu kwa mkutano papa wa Gécamines akavaa lunete akaanza kuisoma kwa sauti, pole pole, na yote ikafunguka, unasikia kabisa mzee anaongea. Tulisoma kwa zamu mpaka giza linaingia. Pale kwa habari za kazi ya zamani yule papa akaweka karatasi chini, akaanza kueleza vile baba yake alimsimulia mugoma wa Union Minière (kampani ya migodi ya wakati wa Wabelgiji) wa mwezi wa 12 mwaka 1941, askari wakapiga watu risasi pale kwa kiwanja cha mpira. Vijana walikuwa wanamuuliza ni kiwanja gani, ni pale wapi leo. Hakuna kozeri yenye mikro imenipatia kitu cha namna hiyo.

Mabaya ya klabu? Yako. Viti ni vya plastiki na vingine mguu unapinda, mtu mnene akae kwa akili. Choo ni kwa jirani, unaomba ufunguo. Kuna vijana wachache wanakuja juu ya sikre (soda) na biskuti, wanapiga selfi na kitabu wamekishika mgongo juu, wanaenda. Na mama mwenye duka, mi namheshimu sana, lakini kuchagua kitabu anachagua yeye, anasema tupige kura, tunapiga kura, halafu kinakuja kile alikuwa anataka. Tumekwisha kumwambia. Anacheka.

Pia mwisho wa mkutano ni tatizo kwa wenye kuishi mbali. Ikipita saa 12 magari ya kuenda Ruashi yanajaa ovyo na manseba (wale wa taksi-moto) wanakupandishia bei wakiona umeshika kitabu, sijui wanafikiri kitabu ni pesa. Wamama waliomba tuanze saa 7 na mwenye duka alikubali, basi sasa tunaanza mapema kidogo, si sana.

Ukitaka kuingia, hakuna formu ya intaneti wala nini, unaenda pale kwa kesi, unaomba kaye (daftari) ya klabu, unaandika jina na nambari ya simu, unalipa mchango wa franka 10 000 kwa kila kitabu na unapewa nafasi yako kwa listi. Wanafunzi wanalipa nusu, uje na karti ya shule. Nafasi za mwanzo kwa listi zinaisha haraka, na mwenye kuwa wa mwisho anasoma kitabu chenye sosi ya watu wengine. Kozeri ni bure. Na ukilipia kwa dola angalia noti yako mbele ya kutoka nyumbani, yenye kupasuka hata kidogo kwa kona mama hapokee, hata umulilie.